Nta au Polishi

Kopo la kwanza linaahidi kioo.
La pili linaahidi kinga.
La tatu lina picha ya mlima na bei ya kondoo,
nikalirudisha kwenye rafu kabla halijanizoea.

Tuko Erie, Pennsylvania, duka la vipuri, Jumamosi,
mimi na Byamungu na risiti ya trela
tuliyoinunua kwa mjane wa mtaa wa Parade:
alumini tupu, mgongo wa mkate wa boflo,
miaka arobaini ya theluji juu yake,
paji la uso limebonyezwa vishimo na mvua ya mawe,
na rangi, tuseme ukweli, ya sufuria ya matanga.

Mimi nimekulia kwenye sufuria.
Nimesugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa maganda ya ndimu.
"Nijione," mama alikuwa akisema, akiiinua juani,
na asipojiona, narudi mferejini.
Kwa hiyo jibu nilikuwa nalo kabla ya swali:
polishi.

Jirani yetu Walt Jablonski, mstaafu wa kiwanda cha treni,
alikuja na mashine yake na waya mrefu wa umeme,
akachagua pa kujaribia, nyuma, chini ya taa ya breki,
upana wa kiganja.
Akapaka. Akasugua. Ukatoka weusi,
weusi mzito, ukajaa kitambaa, ukajaa kucha zangu.
Nikadhani ndio uchafu wa ile miaka arobaini.
"Si uchafu," akasema Walt. "Ni bati lenyewe.
Kila ukitaka ling'ae, linakumegea kidogo mwili wake.
Sasa nileteeni unga."

Unga?

"Wa ngano, wa mahindi, wowote. Hunyonya weusi.
Unafuta, unakung'uta chini, basi."

Nikaingia jikoni. Mfuko wa sembe ulikuwa nusu.
Nilipotoka nao Byamungu alikuwa mlangoni.
Hakunizuia. Aliutazama tu mfuko.

Huyu mtu amekaa Nyarugusu miaka kumi na saba.
Anajua uzito wa unga bila mizani,
anajua kikombe kilichojazwa na kikombe kilichoshindiliwa,
anajua mwezi ule mgawo ulipopunguzwa
na watu wakaanza kusalimiana kwa kifupi.
Mpaka leo akimaliza kusonga
hukung'uta mwiko ukingoni mara mbili,
kisha, baada ya kufikiri, mara ya tatu.

Hakusema neno.
Nikaurudisha mfuko kabatini
nikamwambia Walt unga umetuishia.
Walt aliangalia mikono yangu, ina vumbi jeupe,
akafuta weusi kwa fulana yake kuukuu

na kiganja kile cha bati kikawaka.
Mti wa ng'ambo ya barabara ukaingia mzima,
na uso wangu,
na nyuma yangu, mdogo kama stempu, Byamungu.
Mama angejiona.

Tukarudi dukani, tukanunua nta. Dola kumi na tisa.
Nta haimegi kitu. Haifichi kitu pia:
kijivu ni kijivu, vishimo ni vishimo,
ila chumvi ya barabarani ikija Desemba
itateleza, au tuseme itachelewa.
Tulipaka duara kwa duara mpaka jua likahamia upande wa pili,
Byamungu juu ya ngazi, anapiga mluzi usio na wimbo.
Kile kiganja cha nyuma tulikiacha na mng'ao wake.

Jioni ilinyesha kidogo kutoka ziwani.
Matone yalisimama juu ya bati, kila moja peke yake,
kama wageni ambao hawajaambiwa waketi.

Nikasonga ugali. Walt alikula kwa uma.
Akaisifu trela, akasifu samaki,
kisha akauliza, hivi hivi, huku anatafuta chumvi,
unga huu umetoka wapi.

Nikamwongezea mchuzi.