Zihalirwa, wa Mwisho Kwenye Orodha

Asistanti anaanza na Aganze.
Mimi ni Zihalirwa.
Kati yetu kuna majina mia mbili na kumi na moja
na mvua ya Bukavu inayopiga bati la auditwari
kana kwamba nayo inaitika.

Akonkwa. Niko.
Balolebwami. Niko!
Bisimwa hayupo, wenzake wanamjibia
kwa sauti tatu tofauti, darasa linaangua kicheko.

Mimi nalifanyia mazoezi neno lenye herufi nne.
Ni. Ko.
Nalizungusha ndani ya shavu, nalipindua,
kama mtu anayejaribu ufunguo
kwenye mlango wa jirani.
Tukifika kwenye C, viganja vimelowa.
Tukifika kwenye K, moyo umeshapanda ngazi zote za Kadutu
na mgongoni haukubeba kitu.

Msinielewe vibaya. Sauti ninayo.
Usiku kule Panzi, umeme ukikatika,
nawafundisha wadogo zangu hesabu gizani,
saba mara nane, saba mara tisa,
hadi jirani agonge ukuta: punguzeni!

Mama huuza sambaza sokoni,
bei yake husikika kabla hujamwona.
Mimi hunisifu kwa wateja:
huyu mkubwa ana adabu, hata hasikiki.
Nikakua nikidhani kutosikika ni cheti.
Nimefika chuo, cheti kimegeuka ugonjwa,
una jina refu, una sura yake ndani ya noti.

Noti zenyewe!
Juma lililopita, kibanda cha fotokopi pale Nyawera,
yule kijana alinipa Sosiolojia.
Mimi niliomba, nadhani niliomba, Saikolojia.
Nikalipa. Nikashukuru.
Nimesoma kurasa themanini
juu ya watu wanavyoishi katika vikundi.

Mushagalusa. Nabintu.
Nsimire, ubavuni mwangu, anajibu huku akiandika,
kama anayefukuza nzi.
Hivi yeye neno hulitoa wapi?

Kisha Z inaingia bila hodi.
Zihalirwa.
Vichwa havigeuki. Najua havigeuki.
Naviona vikigeuka.
Zihalirwa?
Neno liko palepale, nimelishika, limelowa.
Niko, nasema,
lakini daftari limeshafungwa
na kalamu imeshaandika kwamba sipo.

Halafu anagawa karatasi. Utafiti wake, anasema,
kuhusu hofu na tabia za wanafunzi.
Zungushieni namba, moja hadi tano.
Msiandike majina.

Msiandike majina!
Nani amewahi kunitendea wema mkubwa hivi?

Napenda kuwa katikati ya watu. Watu gani?
Hujiandaa kabla ya kusema. Tangu Aganze.
Naogopa kuchekwa. Tano,
na duara linatoboa karatasi.
Mimi ni mtu mkimya.
Hapo nakwama.
Kimya kipi, kile kilichonilea
au hiki kinachonikaba?
Kwao vyote viwili ni swali la kumi na saba.
Hakuna kisanduku cha gizani,
cha ukuta kugongwa, cha punguzeni.
Naandika pembeni, nageuza, naandika nyuma,
wino wa biki unaanza kupauka,
naukandamiza, naendelea.

Nsimire anachungulia. "Kumbe una mengi."
Kisha, akifunga begi bila kunitazama:
"Ulisema niko. Mimi nilisikia."

Natamani kumweleza habari ya Sosiolojia,
kurasa zote themanini,
na jinsi ile ya sitini na mbili ilivyonichekesha
peke yangu.

Nasema, "Ehe."

Herufi tatu.
Sikuzifanyia mazoezi.