Sekunde Tisa

Chumba changu kiko Kutaisi, ghorofa ya juu,
juu ya duka la dawa, chini ya paa linalovuja.
Watahiniwa siwaoni. Hunijia wakiwa sauti,
kila mmoja na namba yake, na kikohozi chake.
Mtahini wa kwanza amekwisha kuwapima;
mimi huitwa pale kipimo kinapotiliwa shaka.

Mizani yetu ina vitanga vinne:
mtiririko, msamiati, sarufi, matamshi.
Kila kitanga hubeba hadi tisa.
Jumlisha, gawa kwa nne. Nusu huhesabiwa,
robo hutupwa, kama makombo baada ya mlo.
Na lafudhi si kosa. Nasema tena,
maana hata binti yangu haniamini:
lafudhi si kosa,
ilimradi anayekusikiliza asichoke kukufuata.

Namba mia nne kumi na saba ni muuguzi,
Tsiala Jojua. Hospitali moja ya Ayalandi
inamtaka, ila na sita na nusu mkononi.
Mwenzangu kampa mtiririko tano,
msamiati sita, sarufi sita, matamshi saba.
Ishirini na nne. Sita kamili.
Mlango umefungwa kwa upana wa nusu.

Nasikiliza. Anaulizwa habari za soko: hana breki.
Anaulizwa zamu za usiku: anacheka,
anakosea wingi wa mguu, anajisahihisha papo hapo.
Kisha kadi: *Eleza nyumba unayoikumbuka vizuri.*
Dakika moja ya kujiandaa.
Kalamu inakwaruza karatasi, halafu haikwaruzi.

"Nyumba," anaanza.

Halafu hakuna.
Kiti cha mtahini kinalia.
Mtu kwenye korido anafunga dirisha.
Saba. Nane.
Tisa.

"Nyumba ilikuwa Gagra. Mlango wake ulikuwa wa kijani,
baba alikuwa ameupaka rangi wiki ileile,
na tulipoondoka ulikuwa haujakauka."

Husemwa kimya kingi kina mshindo mkuu.
Kwenye fomu yetu kimya kina kisanduku,
upande wa kushoto, nacho hushusha alama.

Nikimwongeza moja, sijamsaidia:
ishirini na tano kwa nne ni sita na robo,
na robo, nilishasema, hutupwa.
Lazima ziwe mbili. Na mbili za huruma ni uongo,
uongo utakaovaa sare nyeupe uingie wodini,
usikie kumi pale daktari aliposema moja.

Nafungua mwongozo, ukurasa uliochakaa pembe.
Anayesita akitafuta neno, mshushie.
Anayesita akitafuta la kusema, mwache;
hiyo ni haki ya kila mwenye mdomo.
Mwongozo hausemi
sikio litavitofautishaje vimya hivyo.

Basi narudisha mwanzo. Nahesabu vituo vyake vyote
kwa dakika kumi na mbili, kama mhasibu.
Sokoni, hakuna. Zamu za usiku, hakuna.
Mlango, rangi, kukauka: maneno ya mtoto wa darasa la pili,
alikuwa nayo yote, yamekaa tayari nyuma ya meno,
yanamsubiri arudi kutoka alikokwenda.

Naandika saba.
Kwenye nafasi ya sababu naanza, *Alisita kwa kuwa*,
nafuta. Mkaguzi hataki hadithi.
Naandika: *Kusita, maudhui. Si lugha.*
Kavu kama risiti ya duka la chini.

Ishirini na sita. Sita na nusu.

Mia nne kumi na nane ni kijana.
Maji ya bomba. Kila sentensi imekaririwa,
imepigwa pasi, imekunjwa.
Nyumba anayoikumbuka ina bustani, ina amani,
ina umuhimu mkubwa katika maisha ya mwanadamu.
Sijui ni ya nani.
Nasukuma spika karibu na sikio,
nangoja, walau mara moja,
asite.