Moshi Uliotembea

Walipomwambia kilima kinaporomoka,
kwamba mvua za Chiloé zimekwisha kula mguu wa shamba
na serikali imempa chumba mjini Castro, ghorofa ya tatu,
bibi yangu Etelvina aliendelea kumenya kiazi.
Akakimaliza. Akakitia chumvi. Ndipo akasema:
"Mimi sihami. Ihame nyumba."

Walicheka. Mjomba Eliseo alicheka hadi akapaliwa.
Jumapili ya pili akaja na maksai wake wawili,
wakaja na wa kina Barría,
na wa mzee Nahuelquín, ambaye hawakusemezana
tangu kesi ya mpaka,
jozi nane zote, nira zimekazwa kwenye pembe,
watu wa msaragambo hamsini na ushei,
magogo chini ya sakafu yamepakwa mafuta ya nguruwe.

"Mama, toka basi."
Hakutoka.
Jiko lilikuwa linawaka, na moto, alisema,
haumwagwi uani kama maji ya vyombo.
Akavuta kiti.
Mimi, miaka saba, nikakaa miguuni pake
kushikilia sufuria isipinduke.

Basi ndivyo nilivyouona ulimwengu ukipita dirishani:
mtofaa, kisima, uzio,
mbwa wa jirani akiibwekea nyumba kama mwizi,
kisha mtofaa mwingine nisioujua.
Waliokuwa nje husema hawakuishangaa nyumba.
Walishangaa moshi:
bomba linafuka, moshi unakatiza shamba la watu
kama mwanamke anayekwenda kudai chake.

Tangu siku ile mlango wa jikoni haufungi sawasawa.
Yai ukiliweka mezani huviringika hadi ukutani.
Fundi alipokuja na timazi yake, bibi akamrudisha:
"Iache. Imechoka safari."

Sitampamba. Ulimi wake ulikuwa msasa.
Hakumsamehe mama kwa kuolewa na baharia
mpaka baharia alipozama,
ndipo akakiri, mgongo ametupa,
kwamba kijana alikuwa na mikono mizuri.
Sweta alilonifumia liliwasha kama upupu.
Nililivaa. Nani angethubutu?
Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sawa,
na mkuu mwenyewe akiwa ndiye asiyesikia?
Alivunjika nyonga akiwa na miaka themanini na tatu,
akamfukuza daktari
kwa mkongojo aliopewa na daktari.

Alikufa Julai, usiku, bila neno,
yeye ambaye neno la mwisho lilikuwa mali yake.
Asubuhi niliikuta birika imegeuzwa mkono ukutani,
vile alivyotaka, vile alivyotugombeza miaka yote,
na chini ya kitanda gunia la mbegu,
viazi vyeusi, virefu kama vidole,
vimeanza kuchipua gizani bila kumngoja mtu.

Tulimbeba watu sita.
Alikuwa mwepesi.
Wepesi ule uliniudhi, nasema kweli, uliniudhi kuliko kifo.
Siku ile maksai kumi na sita walipiga magoti matopeni
kwa kumvuta, yeye ameketi na kisu chake,
na leo mabega sita tu, tena mjomba Eliseo
alikuwa ameshika kwa mkono mmoja,
wa pili anajifuta mvua usoni.
Aliita mvua.

Niligeuka mara moja njiani.
Nyumba ilikuwa imebaki palepale.
Bomba halifuki.

Sasa binamu zangu wa Santiago wanapiga simu.
Yuko mtu anataka kuinunua, aweke vitanda vya wageni,
jiko aling'oe, sakafu ainyooshe.
Bei nzuri, wanasema. Chumba kipo mjini, wanasema.
Wanataka jibu leo, kabla ya jioni.

Simu nimeilaza mezani, nayo inateleza
taratibu, kuelekea ukutani.
Nimewasha moto.
Wasubiri.
Kiazi hiki kina macho mengi.