Mawe ya Ukuta wa Kati

Ukuta ulianguka usiku wa mvua ya Mei,
ule uliotenga ukumbi wetu na wa Bi Mwanakheri
tangu babu zetu wagawane nyumba kwa kamba na kelele.
Asubuhi tukatazamana juu ya kifusi,
yeye na buli lake, mimi na ufagio.
Hatukusalimiana. Ila tulionana.

Fundi Shekuwe akaja, akataja bei, akaenda zake.
Nikabaki nikigeuza jiwe kiganjani:
jepesi, lina vitundu kama mkate wa kumimina.
Kumbe nyumba yote hii ni tumbawe,
miaka nenda miaka rudi imevaa chokaa
ikijifanya nchi kavu.

Nikaibandua chokaa kwa bisibisi.
Nikaloweka mawe wiki tatu, nikibadili maji,
nikipima chumvi kwa kipimo cha kuelea,
si kwa ulimi, ulimi hudanganyika.
Baharini sikung'oa kitu. Kilicho hai na kikae kwao;
mimi nina mwamba mzima umelala ukumbini.

Kioo alikikata Athmani wa Langoni, futi nne kwa mbili,
akanitisha: "Gundi ikiachia, utaogelea na magodoro."

Nikajenga kama tunavyojenga siku zote,
jiwe juu ya jiwe, mgongo umebana kioo,
hata sindano haipiti. Ukuta wa haja. Nikaupiga picha.

Siku ya kumi nyuma yake pakaoza.
Uchafu ulikwenda kukaa pasipofika mkondo,
kama maneno ya urithi.
Pampu ikivuma mbele, nyuma maji mafu,
yananuka yai viza.

Nikabomoa.
Safari hii mawe matatu yakawa miguu,
moja bapa likalala juu,
chini tao la kupita ngumi,
na pande zote nafasi ya kiganja kutoka kwenye kioo,
ili hata mkono wangu wa kusafisha upate njia.
Pampu mbili, moja huku moja kule, zimeinamishwa
mikondo igongane katikati ivunjike,
isimpige mtu usoni.
Nikafunga uzi mwekundu kwenye kijiti
nikaupeleka kila pembe.
Ulipolala, nilisogeza jiwe.
Ulipocheza, niliacha.

Mama akaja na kiti chake.
"Samaki wa wapi?"
"Bado."
"Wafuga mai?"
"Nafuga mai."
Akacheka, akanikumbusha nyanya yake,
aliyeweka samaki birikani, kwenye bakuli la kauri
lililozikwa chini, wale viluwiluwi vya mbu.
"Lakini wale walikuwa na kazi," akasema.

Wiki ya sita jiwe la tatu likapata doa la zambarau,
dogo kama ukucha wa mtoto.
Sikumwita mtu. Nilikaa nalo.

Sasa wamo samaki wawili, na tumbawe laini
ninalolijua tabia kuliko shemeji zangu.
Juzi stima ikapotea saa tano za usiku.
Sikujua jinsi pampu zilivyokuwa zikivuma
mpaka ziliponyamaza.
Nikashika kata: chota, inua, mimina kutoka juu,
maji yapate pumzi.
Chota. Inua. Mimina.
Saa saba bega likaniambia basi.

Kifusi kikalia kwarakwara.
Bi Mwanakheri, kwa mshumaa na leso ya kulalia:
"Ndicho hiki kinachovuma miezi yote hii?"
Akatazama. Akainama akatazama chini ya tao.
"Lete kata."

Tukawa bahari kwa zamu.
Ya ukuta hatukuyataja.
Alipochoka alikohoa, nami nikapokea,
mpaka alfajiri, pampu ziliposhtuka
na uzi mwekundu niliousahau kwenye kona
ukaanza kutingisha mkia.

Leo Shekuwe karudi na timazi.
Kahesabu mawe mara mbili.
"Yamepunguka. Ukuta hautafunga."
Bi Mwanakheri akawahi kabla sijafungua kinywa:
"Basi acha upenyo.
Wa kupita mtu na kata."