Mlango Uliolala

Trela lilipofika kwetu Bombo halikuwa na kazi tena.
Farajala alilirudisha kinyumenyume hadi karibu na jiko,
akaweka mawe magurudumuni,
akafungua makomeo mawili ya nyuma,
na mlango ukaanza kushuka kwa winchi
ukilia kama mbuzi anayekataa kamba.

"Usifike chini," nikasema. "Usimamishe hapo hapo."
"Mlango wa kupandishia pikipiki," akasema, "hauna hapo hapo."

Lakini akatafuta minyororo,
akatafuta magogo mawili ya mvule,
akaazima pimamaji ya fundi Lukwago,
ile yenye tone la hewa lisilopenda kutulia,
na adhuhuri ilipoadhiniwa tulikuwa na baraza.

Mvua ya kwanza ilitufundisha:
maji yote yaliingia ndani ya trela.
Akaongeza nusu tofali upande wa ukuta.
Ya pili ikatusifu.

Sakafu yake ni chuma chenye vipele,
na katikati kuna mstari mmoja uliochubuka.
Hapo ndipo Doka alipokuwa akiisukuma pikipiki yake
kila Jumapili ya mbio za Busiika,
akipanda mbio, ulimi nje,
akishuka jioni na tope hadi kwenye nyusi.
Farajala alitaka kuupaka rangi.
Nikatandika mkeka. Mstari nikauacha nje ya mkeka.

Pikipiki iliuzwa, ikawa tiketi ya ndege.
Doka yuko Doha, analinda mlango wa duka la dhahabu,
mlango wa kioo unaojifungua wenyewe.
Saa kumi na mbili kwa siku, na hana ruhusa ya kukaa.
Sisi huku tumekaa juu ya mlango,
tunakunywa chai ya tangawizi.

Jirani yangu Khemisa alipokuja mara ya kwanza
alivua viatu, akavivaa, akavivua tena.
"Mtu akiwa hapa," akauliza, "ameingia au bado?"
Nikamwambia aketi kwanza, jibu litamkuta.
Ni mwaka wa pili sasa, anasuka sinia zake za ukindu hapo,
nyekundu, zambarau, kijani cha kuumiza macho,
na hajauliza tena.

Ndipo akaja Mugoya kutoka Jinja na futi yake ya kamba.
Anakodisha mahema ya harusi na jenereta.
Akapima urefu, akapiga teke tairi, akachungulia ndani.
"Mlango unafunga?"
Tukaondoa mkeka. Tukaondoa birika, redio, sinia,
mtungi wa maji, mto wa Khemisa, na Khemisa mwenyewe.
Farajala akashika winchi.

Chini palikuwa na nyasi nyeupe kama nywele za mgonjwa,
kijiko nilichomtuhumu nacho mtoto wa watu,
mayai matatu ya kuku tuliyedhani hatagi.
Mlango ukapanda, ukapanda, ukasimama wima,
na upande wake wa nje ukatutazama.

DOKA, kwa rangi ya manjano. Na chini yake 38,
nane yake imeinama kidogo, kama anapokata kona.

Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau.
Miaka miwili jina lilikuwa limelala kifudifudi
chini ya vikombe vyetu,
na waliolisoma ni kuku tu.

"Huyu nani?" Mugoya akauliza.
Farajala akapangusa tope kwenye nane, kwa kiganja.
Kisha akataja bei.
Si bei ya Jinja ile, wala ya Kampala,
na sidhani hata malaika wangeweza kuichanga.
Mugoya akacheka, akaikunja futi yake.
Winchi ikalia tena, mlango ukalala,
nami nikamwambia mgeni avue viatu, maji yamechemka.

Usiku Doka alipiga simu. Zamu imeisha, miguu inamuuma.
"Mama, uko wapi? Nasikia vyura."

"Niko mlangoni," nikasema.