Mia Sita kwa Kila Mgeni

Mwenye nyumba wa zamani alilizungushia baraza vioo
akaliita chumba.
Sisi tulinunua Machi, theluji ingali ukingoni mwa barabara,
na mama akapachagua siku ile ile:
"Hapa ndipo pangu. Nitaona watu bila kuulizwa."
Hakuna aliyetuambia kuhusu Julai ya Kentucky.

Julai, jua la saa kumi huingia kwa upande wa magharibi
na kukaa kwenye kochi kabla yetu.
Mshumaa uliosahauliwa dirishani umelala kifudifudi.
Mama, mtoto wa ukungu wa Wundanyi,
anajipepea kwa bahasha ya bili ya umeme.

Jumamosi nikatoa futikamba.
Akaikanyaga ncha kwa ndala
kana kwamba tunapima shamba lenye kesi.
Kumi na mbili kwa kumi na sita.
Mia moja tisini na mbili, nikaandika kiganjani.

Dukani, kijana wa fulana nyekundu
akapigapiga boksi refu kama kabati:
"BTU elfu kumi na nne. Chukua kubwa, ulale."
Nikakaribia kulala.

Ila jirani yetu Dale Hatcher,
miaka thelathini na moja juu ya mapaa ya watu,
sikio la kushoto limeliwa na kompresa,
alikuja na penseli nyuma ya sikio hilo hilo lisilo na kazi.
Akapiga hesabu mgongoni mwa bahasha ya mama.
Ishirini kwa kila futi ya mraba, hiyo ni ya chumba cha kawaida.
Hapa vioo pande tatu, dari mbao tupu:
karibu uzidishe mara mbili.
Kikubwa mno, akasema, kitapuliza dakika tano kizime,
kikidhani kazi imekwisha.
Hewa itapoa, unyevu utabaki,
mtakaa humu kama viazi ndani ya stoo.
Kidogo mno kitahema kutwa kama mbwa,
na bili ndiyo itakayobweka.
Elfu nane.

Nikamtafsiria mama.
"Amehesabu watu?"

Dale akacheka. Wawili wa kwanza ni bure.
Anayezidi hapo, mia sita.
Kila mtu ni jiko dogo.

Mama akavitazama viti sita
alivyonunua kwenye mnada wa kanisa,
vinne bado vina karatasi ya bei.
Akaanza kukunja vidole:
Mkamburi na mumewe, wakitoka Louisville.
Yule dada wa Uvira mwenye duka la unga wa muhogo.
Mchungaji. Mwadime, akipewa likizo.
"Na baba yako?"
Nikaangalia futikamba.
"Basi," akasema, "yeye alisikia baridi hata Voi.
Msimwongezee kitu."

Nikaona kumbe ugumu hauko kwenye futi.
Baraza nililokulia lilikuwa na ukuta mmoja tu, wa kuegemea;
aliyepita aliketi,
wala hatukujua kwamba joto la mgeni lina namba.
Hapa unawanunulia ubaridi mapema
watu ambao hawajagonga mlango,
na ukiwanunulia wote
utaketi peke yako ndani ya unyevu wao.

Tukanunua elfu nane.
Tulikipachika mimi na Dale, tukaziba nyufa kwa sponji,
tukakiinamisha nje kidole kimoja
kiteme maji yake kwenye maua.
Kinanguruma vizuri. Mama hukisifu kwenye simu
kwa watu wa Wundanyi, ambao mpaka leo hawaelewi
mtu anunuaje baridi.

Ila jioni, Dale akitokea na kipande cha tikiti,
mama hunyanyuka, hukizima,
hufungua madirisha mawili.
Sikio moja zima haliwezi kushindana na mashine.
Hukaa hapo jasho likiwatiririka,
mama na Kiingereza chake cha maneno arobaini,
na fundi aliyetupimia sawasawa
akijifuta shingo.