Kivuli cha Cherehani

Asubuhi cherehani hukaa magharibi mwa nyumba yetu, Tandika.
Alasiri tunaihamisha,
mama kabeba kichwa, mimi miguu,
mpaka upande wa Bi Siwatu muuza mkaa.
"Jua limetufukuza tena."

Siku moja nikatoka shule na chungwa mkobani,
nikalizungusha mbele ya kibatari:
Jua haliendi popote, mama.
Sisi ndio tunaozunguka.

Akakata uzi kwa meno.
Akalitazama chungwa,
akashika kiuno.
"Miaka kumi na tisa naizunguka nyumba hii
na chuma mikononi,
leo ndiyo wanakwambia?"

Chungwa tukalila.

Kesho yake, jioni, akasema jua limekuchwa, tuingize ndani.
Sikubisha.
Nilikuwa nimeshika miguu.